Wasiojibu dodoso la shirika la utangazaji

Waraka wa kukusanya maoni ya umma mimi huusoma kuanzia nyuma. Mbele kuna picha ya watu wanaotabasamu: kijana, mzee, mwanamke aliyejitanda ushungi, mtu kwenye kiti cha magurudumu, wote wakiwa ndani ya studio inayong'aa ambayo huenda hawakuwahi kuikanyaga kabla ya siku ya kupigwa picha. Chini yao kuna salamu za mkurugenzi mkuu. Mambo yenyewe yako nyuma: tarehe ya mwisho, njia za kutuma maoni, nani atayasoma, na kama kuna kifungu chochote cha sheria au cha leseni kitakacholibana shirika baada ya kuyasoma. Ukikikosa hicho kifungu, ujue umealikwa kupiga soga.

Nazungumzia yale mashauriano ambayo mashirika ya utangazaji ya taifa, au mamlaka zinazoyasimamia, huyaitisha kila baada ya miaka kadhaa kuhusu utofauti na ujumuishi. Nani anasikika redioni, nani anaonekana kwenye televisheni, kwa lugha gani, saa ngapi, na nani anaamua yote hayo. Hoja yangu naisema mapema ili asiyeitaka asipoteze muda wake: mashauriano haya huharibika pale yanapoendeshwa kama kura. Kura huhesabu waliofika. Hapa tatizo ni wale wasiofika, na tangazo la kuwaita linapitishwa kwenye redio ile ile waliyoizima zamani kwa sababu hawakuwahi kujisikia ndani yake. Wahenga walishasema asiyekuwapo na lake halipo. Dodoso nyingi zimeandikwa kana kwamba methali ile ni mwongozo wa kazi.

Swali la kwanza karibu siku zote ni hili: je, unakubali kwamba ni muhimu vipindi vyetu viakisi utofauti wa jamii? Halafu visanduku vitano, kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Sijui nani anafaidika na swali hilo zaidi ya mwandishi wa ripoti, ambaye atapata sentensi ya kufungulia muhtasari. Wanaokubali hawajaombwa kutoa chochote. Wasiokubali hawajaulizwa wanahofia nini. Maswali yenye meno yangeuliza ni kipindi gani kipunguziwe muda ili kingine kipate, ni mhariri gani mwenye mamlaka ya kununua vipindi na anatoka wapi, na shirika litafanywa nini likishindwa kufikia malengo lililojiwekea lenyewe.

Mfano ninaoupenda kuhusu kura na sauti ni wa zamani. BBC ilianza mwaka 1922 kama kampuni, ikawa shirika la umma mwaka 1927, na kwa miaka mingi wasomaji wake wa habari walizungumza kwa lafudhi moja ya tabaka la juu la kusini mwa Uingereza. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, aliwekwa kusoma taarifa ya habari ya taifa. Ilisemekana kwamba mojawapo ya sababu ni kuwa Wajerumani wangepata shida kuiga lafudhi ya kaskazini wakitaka kutangaza uongo kwa jina la BBC. Pickles akawa anamaliza kwa kuwaaga watu wa kaskazini usiku mwema kwa matamshi ya kwao. Wasikilizaji wakalalamika. Kuna waliosema habari zikisomwa kwa sauti ile haziaminiki.

Fikiria wangeitisha maoni wiki ile. Wanaojua kuandika barua kwa shirika, wenye muda, wenye mazoea ya kusikilizwa, wangeandika. Mfanyakazi wa kiwanda wa Halifax, huko huko Yorkshire, aliyesikia kwa mara ya kwanza mtu wa kwao akiisomea nchi nzima habari, asingeandika. Angefurahi, angemtania mkewe, angelala. Pickles angeondolewa kwa wingi wa maoni, na ripoti ingesema umma umeshirikishwa ipasavyo. Bila dodoso lolote, hakudumu muda mrefu kwenye kiti kile.

Wingi una udanganyifu mwingine. Serikali ya Uingereza ilipokusanya maoni kuhusu mkataba mpya wa BBC, yaani hati inayoipa kibali na majukumu yake, mwaka 2015, ilipokea majibu zaidi ya 192,000. Ni idadi ya kujivunia. Ila sehemu kubwa sana ya majibu hayo ilipitia kampeni moja ya mtandaoni, ya 38 Degrees, iliyowarahisishia wafuasi wake kuyatuma. Sioni kosa lao. Watu wana haki ya kujipanga, na mimi mwenyewe nimeshatuma barua za namna hiyo. Lakini msomaji wa majibu lazima ajue anachokishika. Maelfu ya barua zinazofanana yanamwonyesha jinsi watu wanavyojali jambo moja, na hayamwelezi lolote jipya kuhusu jambo hilo. Barua moja ya mtu anayeeleza kwa nini hawezi kufuatilia taarifa ya habari inaweza kuwa na maarifa ambayo hayamo kwenye jengo zima la shirika.

Barua ya aina hiyo niliiona ikiandikwa. Rafiki yangu mmoja ni kiziwi, anatumia lugha ya alama tangu utotoni, na lugha ya maandishi kwake ni ya pili. Aliniomba tujaze pamoja dodoso la shirika moja la utangazaji, ambalo sitalitaja. Dodoso lilikuwa mtandaoni tu, kurasa nyingi, na ukikaa kimya kwa muda kidogo ukurasa unajifunga na kukurudisha mwanzo. Tulikuwa tunakaa kimya sana, maana kila swali ilibidi tulijadili kwanza kwa mikono, kisha tuliandike. Swali kuhusu watu wenye ulemavu lilikuwa moja, likiuliza kama ameridhika na "huduma za ufikivu" kwa kiwango cha moja hadi tano. Akanitazama. Huduma zipi? Mkalimani au maandishi ya chini ya skrini? Ya habari au ya mpira? Aliweka tatu, kama anavyofanya kila mtu aliyechoka.

Kisha akaja kwenye nafasi ya maoni ya ziada, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Alieleza kwamba mkalimani wa lugha ya alama kwenye taarifa ya habari anawekwa kwenye kisanduku kidogo pembeni chini, na ule ukanda wa habari fupi unaopita chini ya skrini unafunika mikono yake kuanzia kiunoni. Alama nyingi hufanyika hapo hapo, mbele ya tumbo na kifua. Zikifunikwa, sentensi inakatika katikati. Jambo la pili: mkalimani amevaa nguo yenye maua, nyuma yake kuna pazia lenye rangi zinazobadilika, na vidole vinapotea. La tatu, ambalo mimi nisingeliwaza kamwe, ni kwamba mpiga picha akipunguza ukubwa wa kisanduku, uso wa mkalimani unakuwa mdogo mno kusomeka, na kwenye lugha ya alama uso ndio unaobeba swali, kukanusha na mkazo. "Naona mikono inauliza," aliniambia, "lakini sijui kama anauliza au anajibu."

Yote hayo yana ufumbuzi, na ni wa bei ndogo. Uingereza, mamlaka ya mawasiliano ya Ofcom inaelekeza kwamba mkalimani anayewekwa juu ya picha ya kipindi asichukue chini ya moja ya sita ya skrini. Kuusogeza ukanda wa habari ni kazi ya fundi wa michoro na dakika chache. Ila hakuna mtu mwenye kusikia ndani ya chumba cha habari ambaye angeliona tatizo hilo hata angeitazama skrini mwaka mzima, kwa sababu yeye habari anazipata kwa masikio. Hii ndiyo thamani ya mashauriano: kuleta ndani ya jengo maarifa ambayo hayamo. Kwenye ripoti ya mwisho maelezo ya rafiki yangu yaliingia, nadhani ni yake, katika mstari mmoja chini ya kichwa "masuala mengineyo". Ile tatu yake iliingia kwenye wastani.

Kwa upande wa maandishi ya chini ya skrini, wengi hudhani ni kompyuta tu. Kwenye vipindi vya moja kwa moja mara nyingi kuna mtu amekaa chumba kidogo, amevaa vipokea sauti, anasikiliza mtangazaji na kurudia maneno yake kwa sauti bapa, huku akitamka hadi "nukta" na "mkato", ili programu inayotambua sauti yake iyageuze kuwa maandishi. Ndiyo maana maandishi huchelewa sekunde kadhaa, na ndiyo maana mjadala wa watu watatu wanaokatizana maneno hugeuka uji kwa asiyesikia. Hapa kuna uamuzi wa mhariri kabisa: mwendeshaji wa mjadala akiwazuia wageni kukatizana, maandishi yanasomeka. BBC ilifika mahali pa kuweka maandishi kwenye vipindi vyote vya chaneli zake kuu mwaka 2008. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na lengo lenye tarehe, na mtu wa kulidai.

Lugha ndiyo sehemu ngumu zaidi, na watu wengi wema hukosea hapa kwa kudhani kwamba kuongeza lugha ni sawa na kuongeza haki. Historia ya Afrika Kusini inatufundisha kuwa waangalifu. Mwaka 1960 utawala wa ubaguzi wa rangi ulianzisha Radio Bantu, huduma za SABC, shirika la utangazaji la nchi hiyo, kwa lugha za Waafrika. Ukihesabu lugha tu, utasema lilikuwa shirika jumuishi kuliko mengi duniani wakati huo. Lengo lake lilikuwa kuwatenga watu kila kabila na masafa yake, na kuwaaminisha kwamba kila mmoja ana nchi yake ndogo mahali pengine. Watangazaji walikuwa Waafrika, lugha ilikuwa yao, nyimbo zilikuwa zao, na juu yao kulikuwa na wasimamizi weupe waliokagua kila kilichosemwa.

Baada ya utawala ule kuanguka, mamlaka huru ya utangazaji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 iliendesha uchunguzi mkubwa wa hadhara uliotoa ripoti mwaka 1995, ukihusu namna ya kulinda utangazaji wa umma, umiliki wa vyombo na maudhui ya ndani. SABC iliendelea na stesheni za lugha. Radio Zulu ya zamani leo ni Ukhozi FM, yenye wasikilizaji kwa mamilioni. Kule Platfontein karibu na Kimberley kuna X-K FM, iliyoanza mwaka 2000, kwa ajili ya jamii ndogo za Waxun na Wakhwe. Lugha nyingi zilikuwapo hewani kabla na zipo sasa. Kilichobadilika ni nani mwenye funguo. Kwa hiyo nikikutana na dodoso linaloniuliza lugha ngapi ziongezwe bila kuuliza nani atazihariri, huacha kisanduku wazi na kuandika pembeni.

Mwaka 2001 Greg Dyke, wakati huo mkurugenzi mkuu wa BBC, alisema hadharani kwamba shirika lake ni jeupe kupita kiasi, na alikuwa akiwalenga hasa wakubwa wa ngazi za juu. Alishambuliwa sana kwa kauli hiyo. Mimi namheshimu kwa kugusa ghorofa ya juu, kwa sababu mashirika hupenda kupimwa kwa sura zilizoko kwenye skrini, zilizo rahisi kubadilishwa kwa msimu mmoja.

Hata hivyo siko kundi moja na wanaodharau kuhesabu. Mwaka 2017 mtangazaji Ros Atkins wa BBC alianza na timu yake jambo dogo: kila kipindi kikiisha, wanahesabu wanawake na wanaume waliozungumza. Haichukui dakika nyingi. Hawawahesabu wale ambao habari yenyewe inawahusu na hawana mbadala, kwa mfano waziri mkuu anayejiuzulu. Wanahesabu wale ambao wao wenyewe wamewachagua: mchambuzi, daktari, mwandishi, mtaalamu wa uchumi. Uzuri wake uko kwenye mpaka huo. Mhariri hawezi tena kujitetea kwamba dunia ndivyo ilivyo, maana anaonyeshwa orodha ya simu alizopiga mwenyewe. Utaratibu ule ulisambaa kwenye timu nyingi, ukatoka hata nje ya BBC. Ulihitajika. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, unaopima siku moja ya habari duniani kila baada ya miaka mitano, ulikuta mwaka 1995 kwamba wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaosikika au kutajwa kwenye habari. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Robo karne, asilimia nane.

Idadi haisemi mtu aliitwa kusema nini. Mtu mwenye ulemavu anayealikwa kila tarehe 3 Desemba, siku yao ya kimataifa, kuelezea changamoto zake, anahesabiwa sawa na yule aliyealikwa Machi kuchambua bajeti. Ningependa kuona dodoso moja tu linalouliza: mara ya mwisho kumsikia mtu mwenye ulemavu redioni, alikuwa anazungumzia nini?

Kuna ukweli usiopendeza ambao mashauriano yenyewe hayautaji. Mengi yaliyopatikana hayakupatikana kwa kujaza fomu. Chaneli ya lugha ya Kiwelisi huko Wales, S4C, ilianza Novemba 1982 baada ya Gwynfor Evans, kiongozi wa chama cha Plaid Cymru, kutishia mwaka 1980 kwamba atafunga kula mpaka afe kama serikali haitatimiza ahadi yake ya kuianzisha. Serikali ikalegea. New Zealand, Wamaori walikwenda kwenye Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai yao dhidi ya dola, ambalo mwaka 1986 lilisema lugha yao ni hazina ambayo dola ina wajibu wa kuilinda. Mwaka uliofuata Kimaori kikawa lugha rasmi. Kesi za utangazaji ziliendelea hadi mahakama ya juu kabisa iliyokuwa London, na televisheni ya Wamaori ikaingia hewani Machi 2004. Hesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa siku ya uamuzi wa Baraza alikuwa anakaribia utu uzima televisheni hiyo ilipofunguliwa. Ukiliona shirika limeandaa dodoso zuri kuhusu lugha fulani, tafuta kwanza nani alishtaki, nani aligoma, nani alikaa barabarani.

Nchi nyingine zimejaribu kuwaweka watu ndani badala ya kuwauliza wakiwa nje. Ujerumani mashirika ya umma yana mabaraza yenye wajumbe kutoka makanisa, vyama vya wafanyakazi, michezo, mazingira, na siku hizi hata Waislamu na vikundi vingine vilivyokuwa havina kiti. Mwezi Machi 2014 mahakama ya katiba iliamua kwamba kwenye baraza la ZDF, mojawapo ya mashirika hayo, watu wa serikali na wanasiasa wasizidi theluthi moja. Mfumo huo una ugonjwa wake: kikundi kisicho na chama, ofisi na barua yenye kichwa hakipati mjumbe. Australia, SBS, shirika la umma linalotangaza kwa lugha nyingi, hupitia upya orodha ya lugha zake baada ya sensa, na kabla ya kuamua hukusanya maoni kuhusu vigezo vyenyewe. Vigezo hivyo haviangalii wingi wa wasemaji peke yake, bali pia jamii ndogo zilizoingia karibuni na zisizojua Kiingereza vizuri. Napenda kwamba wanashauriana kuhusu kipimo kabla ya matokeo. Unaweza kukasirikia matokeo, lakini huwezi kusema hukuambiwa utapimwa kwa kipimo gani.

Tena uamuzi ukishatoka, usilale. Kanada, tume ya utangazaji ya CRTC ilifanya vikao kuhusu leseni ya CBC, shirika la utangazaji la taifa, Januari 2021, na Juni 2022 ikatoa uamuzi ambao, pamoja na mengine, uliitaka CBC itenge sehemu ya fedha za vipindi huru kwa watayarishaji wa jamii za wenyeji asilia, wa rangi nyingine, wenye ulemavu na wengineo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo sahihi, maana fedha haidanganyi kama picha. Lakini uamuzi huo huo uliilegezea CBC masharti mengine, watu wakakata rufaa kwa serikali, na Septemba mwaka ule baraza la mawaziri likaurudisha kwa tume iufikirie upya. Waliodhani wamemaliza kazi walirudi kwenye mafaili.

Siku hizi maoni yangu ninayotuma ni mafupi. Naomba majibu yapokelewe kwa sauti na kwa video ya lugha ya alama, na asomaye awe anaijua lugha hiyo. Naomba vikao vya hadhara vifanyike saa ambazo wenye vibarua wametoka kazini, na wanaoitwa kutoa ushuhuda walipwe nauli na muda wao, kama anavyolipwa mshauri aliyeandika dodoso. Naomba ripoti itenganishe barua za kampeni na maelezo ya mtu binafsi, na iwe na sura ya mapendekezo yaliyokataliwa, kila moja na sababu yake. Hiyo sura ndiyo ninayoifungua kwanza ripoti ikitoka, na mara nyingi haimo.

Mhariri mmoja aliwahi kuniuliza, bila hasira, kama najua kipindi cha lugha yenye wasemaji wachache kikiwekwa saa ya wasikilizaji wengi kitamgharimu nini. Watu watahama kituo, na hawarudi wote. Ana hoja, na wanaharakati wenzangu hukosea wanapomjibu kwa mahubiri. Hasara ile ipo, inahesabika, na kwa shirika la umma inapaswa kulipiwa waziwazi kutoka fungu linalojulikana, badala ya kuachiwa mhariri aibebe kimya kimya mpaka achoke na kukisogeza kipindi hadi usiku wa manane. Ndiyo sababu kwenye vikao, nikipewa nafasi ya swali moja, huuliza fungu hilo ni kiasi gani. Jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba jambo hilo litazingatiwa kwenye mpango mkakati ujao, ambao nao utakuwa na mashauriano yake.